Uhuru wa kusema, Uislamu na nchi za Magharibi: maswali yanayorudi kila siku barazani Ujiji

Maswali haya nimeyaokota kwa miaka kadhaa kwenye kijiwe cha kahawa hapa Ujiji na kwenye darsa letu la baada ya sala ya Magharibi. Mchana nafundisha Uraia sekondari, kwa hiyo yananijia kutoka pande mbili: vijana wananiuliza kama mwalimu, wazee wananiuliza kama ustadh. Nimeyaacha yalivyoulizwa. Aya nimezieleza kwa maana na kuweka namba ili kila mtu akafungue Msahafu wake. Mimi si mufti wala wakili. Mwenye kesi polisi asije na ukurasa huu, aende kwa wakili.

## Mambo ya mwanzo

1. Ustadh, tuambie moja: Uislamu unaruhusu uhuru wa kusema au hauruhusu?

Nikisema unaruhusu, nusu ya kijiwe itacheka. Nikisema hauruhusu, nusu ya pili itacheka. Shida ni kwamba swali lenyewe limeanzia mahali ambapo fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, haianzii. Fikihi haiulizi kwanza "nina haki ya kusema?" Inauliza "neno hili nitaulizwa nini juu yake?" Sura ya 50, aya ya 18, inasema mtu hatamki neno ila pana mwangalizi karibu naye. Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim inasema anayemwamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho aseme kheri au anyamaze.

Wengi huishia hapo, wakadhani dini inapenda watu wakimya. La. Kuna mahali kunyamaza ndiko dhambi. Aya ya 104 ya sura ya 3 inataka liwepo kundi la kuamrisha mema na kukataza mabaya, na hilo halifanyiki kwa mdomo uliofungwa. Hadithi nyingine inasema jihadi bora ni neno la haki mbele ya mtawala dhalimu. Sura ya 4, aya ya 148, inasema Mungu hapendi maneno mabaya yapaazwe, kisha inamtoa mtu mmoja: aliyedhulumiwa. Yeye apige kelele. Na sura ya 58 inafunguka kwa mwanamke aliyekwenda kwa Mtume (s.a.w.) kulalamikia mume wake, akabishana, na Mungu akasema amemsikia. Kina mama wa darsa letu wanaipenda sana sura hiyo, na najua kwa nini.

2. Na Wazungu wakisema "uhuru wa kusema" wanamaanisha nini hasa?

Wanamaanisha kitu chembamba kuliko tunavyodhani. Rekebisho la Kwanza la Katiba ya Marekani, la mwaka 1791, linazungumza na Bunge: lisitunge sheria ya kubana kusema, uandishi, mikutano au dini. Linaifunga mikono serikali. Halimwambii mwajiri asikufukuze kazi kwa ulichoandika, wala halimwambii jirani akuchekee. Kijana wetu mmoja aliyehamishiwa kule kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu alidhani amefika nchi ya kusema lolote. Akasema lolote kiwandani. Wiki hiyohiyo akawa anatafuta kazi nyingine, na hakuna polisi aliyehusika.

Ulaya ni habari nyingine. Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu wa 1950 unatoa uhuru huo katika ibara ya 10, na ibara hiyohiyo inasema uhuru huo unakwenda na wajibu, kisha inaorodhesha sababu ambazo serikali inaweza kuubana. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "Magharibi wanaamini hivi", muulize Magharibi ipi. Kinachoruhusiwa Texas kinaweza kukufikisha mahakamani Berlin.

3. Basi tofauti yenyewe iko wapi?

Hapa ndipo ninapotaka mtu akae vizuri, kahawa iongezwe. Ukienda mwalo wa Kibirizi asubuhi utaona dagaa wana kapu lao, migebuka kapu lake, kuhe kapu lake. Maneno mabaya nayo yana makapu matatu: dhambi, utovu wa adabu na jinai. Dhambi ni kati yako na Mungu. Utovu wa adabu watu wanakushughulikia wenyewe: wanakununia, wanakususia, mkwe anakataa posa. Jinai ndiyo ya askari na hakimu. Ugomvi mwingi ninaousikia kijiweni unatokana na watu kuchanganya makapu haya. Mmoja anasema "si haramu?" mwenzake anasikia "afungwe". Mwingine anasema "asifungwe", mwenzake anasikia "kafanya vizuri".

Fikihi ya zamani iliweka kumtukana Mungu au Mtume kwenye kapu la jinai, tena jinai nzito. Sheria za Magharibi zilikuwa hivyohivyo (tazama swali la 4), kisha polepole kapu hilo likamwagwa likaingia kwenye adabu. Lakini kapu lao la jinai halikubaki tupu. Lina uchochezi, vitisho, na kwa nchi nyingi za Ulaya lina chuki dhidi ya kundi la watu.

Chini ya hilo kuna tofauti nyingine. Mtu wa Magharibi wa leo anatenganisha wazo na mwenye wazo. Kwake, dini ni wazo, na wazo halina heshima ya kuvunjwa. Mwenye heshima ni binadamu. Ukikejeli Uislamu, anasema, hujamgusa Mwislamu. Mwislamu haelewi kabisa kisu hicho kinapita wapi. Sura ya 33, aya ya 6, inasema Nabii yuko karibu na waumini kuliko nafsi zao, na wake zake ni mama zao. Sasa mtukane mama yangu halafu uniambie hukunigusa mimi. Nimelifundisha jambo hili darasani kwa Kidato cha Tatu, na wiki mbili baadaye mwanafunzi mmoja bado alikuwa ananyoosha mkono: "Mwalimu, lakini kwa nini hawaumii?" Wanaumia, ila kwa vitu vingine. Swali la 9 linaeleza vipi.

4. Ni kweli Wazungu nao walikuwa wanaua kwa kukufuru?

Kweli. Michael Servetus alichomwa moto Geneva mwaka 1553 kwa kuukana Utatu. Thomas Aikenhead, mwanafunzi wa miaka 20, alinyongwa Edinburgh mwaka 1697 kwa kuidhihaki dini. Uingereza ilimfunga mtu kwa kukufuru mara ya mwisho mwaka 1921, na kosa lenyewe likafutwa England na Wales mwaka 2008 tu. Denmark ililifuta 2017. Ireland walipiga kura ya maoni kuliondoa kwenye katiba 2018. Kwa hiyo anayesema "wao tangu asili hawana dini" hajui asili yao.

## Kurani, hadithi na wanazuoni

5. Kurani imeweka adhabu gani kwa anayetukana dini?

Tuanze na palipo wazi. Anayemzushia mwanamke mtwaharifu zinaa bila mashahidi wanne, Kurani inataja viboko 80 (sura ya 24, aya ya 4). Namba ipo, imeandikwa. Kwa anayeikejeli dini, hukuti namba. Unakuta aya ya 140 ya sura ya 4: mkisikia aya za Mungu zinafanyiwa stihizai, yaani kejeli, msikae nao mpaka waingie kwenye mazungumzo mengine. Angalia vizuri. Hawakuambiwa wawapige, wala hata wasirudi tena. Wameambiwa wainuke, na mazungumzo yakibadilika wanaweza kuketi. Unakuta pia sura ya 33, aya ya 57, inayotaja laana ya Mungu kwa wanaomuudhi Mungu na Mtume wake. Laana hiyo ni ya Mungu mwenyewe.

Adhabu ya duniani imetoka kwenye hadithi na ijtihadi, yaani rai za wanazuoni. Wanazuoni wa madhehebu manne kwa jumla walisema Mwislamu anayemtukana Mtume ametoka katika dini na anastahili kuuawa. Hilo siwezi kulificha ili niwafurahishe wageni. Lakini walihitilafiana kama toba yake inapokewa, na walihitilafiana zaidi kuhusu asiyekuwa Mwislamu: kwa Imamu Abu Hanifa, mkataba wa raia asiye Mwislamu hauvunjiki kwa tusi, na adhabu yake inabaki kwenye uamuzi wa kadhi. Na kwenye vitabu vyao hukumu inapita kwa mtawala na kadhi, kwa ushahidi. Mtu aliyetoka nyumbani na panga kwa sababu ya sauti aliyotumiwa kwenye simu hana imamu wa kumtegemea.

Sira, yaani habari za maisha ya Mtume, nayo inasomwa pande mbili. Abdallah bin Ubayy, mkuu wa wanafiki wa Madina, alisema maneno ya kumdhalilisha Mtume, na Umar akaomba ruhusa ya kumuua. Mtume akakataa, watu wasije wakasema Muhammad anaua sahaba zake. Wapo waliokuja kumsalimu kwa kugeuza salamu iwe laana ya kifo. Bibi Aisha akawajibu kwa ukali, Mtume akamtuliza akisema Mungu anapenda upole. Upande wa pili yuko Kaab bin al-Ashraf, mshairi aliyeuawa kwa amri. Wapo wanaosema aliuawa kwa mashairi yake, na wapo wanaosema aliuawa kwa kuchochea Makureshi wa Makka warudi vitani baada ya vita vya Badri. Ninavyoona mimi, hao wa pili wana hoja nzito zaidi, maana watukanaji walikuwa wengi na wengi wao waliishi wakafa vitandani mwao.

6. Na anayeuacha Uislamu kabisa, si hadithi iko wazi?

Hadithi ya "mwenye kubadili dini yake muueni" iko kwa Bukhari, na madhehebu yetu ya Kishafii yaliichukua ilivyo, baada ya mtu kutakwa kutubu. Hanafi hawakumuua mwanamke. Sheikh Mahmud Shaltut, aliyekuwa mkuu wa Al-Azhar, aliandika kwamba ukafiri peke yake hauhalalishi damu, na adhabu kubwa kama hiyo haithibiti kwa hadithi iliyopokewa na wachache. Wanaomuunga mkono wanarudi kwenye aya mbili: hakuna kulazimisha katika dini (2:256), na atakaye aamini, atakaye akatae (18:29). Sudan ilifuta adhabu ya kifo kwa kuritadi mwaka 2020. Tanzania haijawahi kuwa nayo; ibara ya 19 ya Katiba inamwachia mtu dini yake, pamoja na kuibadili. Kigoma nzima ina familia zenye Juma na Yohana chini ya paa moja, na Idi wanakula wote.

7. Kuna mwanachuoni wetu yeyote aliyefungwa kwa kusema?

Swali hili alileta kijana kwa kebehi, akidhani nitakosa jibu. Nilimjibu mpaka adhana ya Isha.

Imamu Abu Hanifa alifungwa na Khalifa al-Mansur kwa kukataa ukadhi. Alifariki Baghdad mwaka 767. Imamu Malik alipigwa viboko Madina kwa sababu alikuwa akifundisha kwamba talaka ya kulazimishwa haiwi talaka. Watawala walisikia jambo jingine ndani ya maneno hayo: kama talaka ya kulazimishwa si talaka, basi na kiapo cha utii cha kulazimishwa si kiapo. Wakaelewa vizuri kabisa. Kisha Imamu Ahmad bin Hanbal. Mwaka 833 Khalifa al-Maamun aliamua kila mwanachuoni akiri kwamba Kurani imeumbwa. Wengi walikiri ili wapone. Ahmad alikataa, akafungwa minyororo, na chini ya khalifa aliyefuata, al-Mutasim, akachapwa. Hakukiri.

Maimamu watatu kati ya wanne wa madhehebu yetu, basi, walionja jela au mjeledi wa dola ya Kiislamu kwa sababu ya kauli zao. Ndiyo maana mimi husita sana mtu anapotaka serikali ipewe funguo za kulinda imani. Aliyewachapa maimamu alikuwa akilinda imani, kwa maneno yake mwenyewe.

## Matukio ya nje

8. Ustadh, mwanangu kanitumia video: Msahafu unachomwa na polisi wamesimama wanalinda. Wanalinda nini?

Mama, video hiyo bila shaka ni ya Stockholm, Sweden, tarehe 28 Juni 2023, siku ya Idi Kubwa, mbele ya msikiti mkuu wa mji. Aliyechoma aliitwa Salwan Momika, mkimbizi kutoka Iraki. Polisi miezi michache kabla walikuwa wamekataa vibali vya kuchoma, mahakama ikasema hawana sababu ya kisheria. Walichokuwa wanalinda, kwa akili yao, ni kibali na utulivu, si moto.

Ila hadithi haikuishia pale. Momika na mwenzake walishtakiwa baadaye kwa kuchochea chuki dhidi ya kundi la watu. Momika aliuawa kwa risasi Januari 2025, siku moja kabla ya hukumu. Mwenzake alitiwa hatiani siku chache baadaye. Denmark, iliyofuta kosa la kukufuru mwaka 2017, Desemba 2023 ilipitisha sheria ya kukataza kuvidhalilisha hadharani vitabu vitakatifu. Wenyewe kwa wenyewe bado wanabishana.

Marekani wangejibu tofauti. Kule Mahakama Kuu iliamua mwaka 1989 kwamba hata kuichoma bendera ya taifa kwa kupinga serikali ni kauli inayolindwa, majaji watano kwa wanne. Nchi inayokuruhusu kuchoma bendera yake haitakuzuia kuchoma kitabu cha mwingine ulichokinunua mwenyewe. Si lazima tukubali, ila angalau tujue kwamba hawakututafuta sisi peke yetu.

9. Mbona kukana mauaji ya Wayahudi ni kosa kwao, lakini katuni ya Mtume si kosa?

Kati ya yote, hili ndilo linaloulizwa kwa uchungu zaidi, na nimechoka na majibu mepesi ya pande zote mbili.

Ujerumani na Ufaransa (sheria ya 1990) zinamwadhibu anayekana mauaji yale. Marekani haimwadhibu. Wanaotetea sheria hizo wanasema kukana kule si maoni juu ya dini. Ni kuwadhulumu waliouawa, katika ardhi ileile yalipotendeka, na kuandaa wengine kuyarudia. Kwa Mjerumani ni kidonda chake mwenyewe. Naielewa hoja hiyo. Jirani zetu wa Rwanda nao wana sheria dhidi ya kukana mauaji ya kimbari, na hakuna mtu wa Kigoma aliyeona wakimbizi wa 1994 atakayeuliza kwa nini.

Lakini haimalizi mambo. Mwaka 2008 Charlie Hebdo, gazeti la kejeli la Ufaransa, lilimfukuza mchoraji wake Siné baada ya kutuhumiwa kwamba ameandika maneno ya kuwachukia Wayahudi. Gazeti hilohilo lilijitetea kwa uhuru usio na mpaka lilipowachora Waislamu. Ufaransa ilipiga marufuku hijabu katika shule za serikali mwaka 2004, na kufunika uso mahali pa hadhara mwaka 2010. Kitambaa cha msichana ni kauli pia. Undumilakuwili upo, na wapo Wafaransa wanaousema kwa sauti kubwa kuliko sisi. Halafu kuna mfano unaokwenda upande wa pili: mwaka 2018 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliidhinisha faini ya euro 480 ambayo Austria ilimpiga mwanamke aliyemkashifu Mtume kwenye semina. Kijiweni nilipousimulia mfano huo hakuna aliyeniamini.

Sasa na sisi tujikague. Sura ya 6, aya ya 108, inatukataza kuvitukana wanavyoviomba wengine, wasije wakamtukana Mungu bila kujua. Kwenye mihadhara yetu nimesikia kejeli juu ya msalaba ambazo, zingesemwa juu ya Kaaba, mji usingelala. Walioinuka wakaondoka siku hiyo, kama swali la 5 linavyoeleza, tulikuwa wawili.

10. Waliochora katuni za Mtume Denmark, Charlie Hebdo, na Salman Rushdie aliyeandika riwaya iliyowaudhi Waislamu: walistahili?

Kuhusu hasira, nimejibu kwenye swali la 3. Kuhusu kuua, swali la 5. Nitaongeza jambo moja tu. Mashambulizi ya Paris ya tarehe 7 Januari 2015 kwenye ofisi ya gazeti la Charlie Hebdo yaliua watu 12, na mmoja wao alikuwa askari Mwislamu, Ahmed Merabet, aliyepigwa risasi akiwa chini amejeruhiwa. Wauaji walisema wanamlipia Mtume kisasi. Walimlipia kwa damu ya mtu wa umma wake.

11. Umoja wa Mataifa hauna kauli moja?

Una kauli mbili zilizokaa jirani. Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966 unatoa uhuru wa kusema katika ibara ya 19. Ibara ya 20 inataka sheria ikataze kuchochea chuki ya kidini inayoleta ubaguzi, uadui au vurugu. Kuanzia 1999 nchi za Kiislamu zilisukuma maazimio ya kulaani kukashifiwa kwa dini. Nchi za Magharibi zilipinga: anayekashifiwa ni nani, dini au mtu? Mwaka 2011 wakakutana katikati kwa azimio namba 16/18, lililohama kutoka kuilinda dini kwenda kumlinda muumini. Nchi za Kiislamu zilipitisha pia Azimio la Cairo mwaka 1990, ambalo ibara yake ya 22 iliruhusu maoni yasiyopingana na misingi ya Sharia. Nani anaamua kipi kinapingana? Rudi swali la 7.

## Hapa kwetu

12. Sheria ya Tanzania inasimama upande gani?

Katikati, na sababu ni historia. Ibara ya 18 ya Katiba inatoa uhuru wa maoni, ya 19 uhuru wa imani, na ya 30 inaweka mipaka kwa ajili ya haki za wengine na maslahi ya umma. Kanuni ya Adhabu ina sura ya makosa ya dini, na kifungu cha 129 kinamhusu anayetamka neno kwa kusudi la kuumiza hisia za kidini za mwingine. Watu hudhani kifungu hicho wametuwekea Waislamu, wengine wanadhani Wakristo. Ametuwekea Mwingereza. Alikwishatunga sheria ya namna hiyo India mwaka 1860, akaisambaza kwenye makoloni. Sheria kali za kukufuru za Pakistani, zilizoongezwa miaka ya 1980, zimejengwa juu ya msingi huohuo. Mwingereza kwake amefuta, alichotuachia kimebaki.

13. Nikisimama kwenye mhadhara nikasema Yesu si mwana wa Mungu, nitafungwa?

Yupo aliyefungwa, na kesi yake ifundishwe kila madrasa na kila shule ya Jumapili. Hamisi Rajabu Dibagula alishtakiwa Morogoro chini ya kifungu hicho cha 129 kwa maneno hayohayo. Akatiwa hatiani. Kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Rufani, na mwaka 2003 majaji wakaifuta hukumu. Hoja ya msingi ni kwamba kusema jambo ambalo dini yako inafundisha hakutoshi. Sheria inataka kusudi la kuumiza. Mkristo aliyesikia anaweza kuumia kweli, na bado pasiwe na jinai.

Kesi hiyo haikutoa leseni ya matusi. Kusema "siamini Yesu ni mwana wa Mungu" na kumwita jina chafu ni vitu viwili, na kila msikilizaji anavijua. Mihadhara ya mlingano wa dini iliyoshika kasi nchini miaka ya 1980 ilivuka mstari huo mara nyingi, kutoka pande zote. Na wakati mwingine haihitaji hata mhadhara: Oktoba 2012, Mbagala, Dar es Salaam, kitendo cha mtoto mmoja dhidi ya Msahafu kiliishia kwa makanisa kushambuliwa. Mtoto!

14. Na jirani Mkristo akisema Muhammad si mtume?

Ni swali la 13 limegeuzwa upande wa pili. Angeamini ni mtume angekuwa safu ya mbele msikitini.

15. Imamu wetu anakula sadaka. Nikisema, nimesengenya?

Kusengenya ni kula nyama ya ndugu yako maiti (49:12), na wazee wa msikiti huisoma aya hiyo haraka sana hesabu zikiulizwa. Imamu Nawawi ametaja hali sita ambazo kumsema mtu kunaruhusiwa, na kushitaki dhuluma kwa mwenye uwezo wa kuiondoa ndiyo ya kwanza. Kwa hiyo sema, lakini kwa kamati, kwa hesabu, na kwa jambo ulilolithibitisha. Ukilisema sokoni ili watu wacheke, umehama kapu. Na ukiwa huna ushahidi, umeingia kwenye kashfa, na huko Uislamu na sheria za Wazungu wanakubaliana kabisa.

16. Nikifowadi tu kwenye grupu la WhatsApp, dhambi ni ya aliyeandika?

Sura ya 49, aya ya 6, inasema fasiki akikuletea habari, ichunguzeni. Haikusema mpokee na mpitishe. Kisheria pia jihadhari: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu kuchapisha taarifa za uongo kwa makusudi, na kusema "nimetumiwa" ni utetezi mwembamba.

17. Wanaosoma maulidi na wasiosoma wanaitana makafiri na washirikina. Huo nao ni uhuru?

Ni uhuru mbele ya polisi, ni balaa mbele ya Mungu. Mtume ametahadharisha kwamba anayemwita nduguye kafiri, neno hilo litamrudia mmoja wao. Hapa Ujiji, mji wa twarika na dhikri, nimeona ndugu wa tumbo moja wanazikana bila kusemeshana kwa ajili ya maulidi. Hakuna Mzungu aliyekuwepo.

18. Mtani wangu alikuja msibani akalala juu ya jeneza la baba, akamtukana marehemu kwa ubahili. Nimshitaki, nimsamehe au nimlipe?

Umlipe, unajua mila. Kabla ya katiba yoyote kuandikwa, watu wa nchi hii walishakuwa na mtu mwenye ruhusa ya kusema lolote, mahali pazito kuliko pote, na mwenye msiba haruhusiwi kukasirika. Wanazuoni wengine wanaukemea utani kwa aya ya 11 ya sura ya 49, inayokataza watu kudharauliana na kuitana majina mabaya. Wengine wanaona dharau haipo pale ambapo wote wawili wanajua ni mchezo, na kesho itakuwa zamu yako. Mimi niko na hao wa pili, ila nilimwambia aliyeuliza: atoke juu ya jeneza kabla ya sala ya maiti.

Miaka yote niliyohudhuria misiba, nimesikia watani wakimtukana marehemu, mjane, mjomba, hata mwenyekiti wa mtaa aliyekuja na rambirambi. Mungu sijamsikia wakimgusa, wala Mtume wa mtu, wala Yesu wa mtu. Nilimuuliza mtani mmoja mzee kwa nini, akanitazama kama nimeuliza kwa nini ziwa lina maji, kisha akaniomba hela ya kahawa.